Mahindi ya bei nafuu yamfikie asiye na hela ya gunia zima: uzoefu wangu

Mahindi ya serikali ya bei nafuu yakishushwa kijijini asubuhi, saa sita mchana yanaweza kuwa yamekwisha na kaya maskini hazijapata hata kilo moja. Si lazima awepo mwizi. Yanauzwa kwa gunia, kwa fedha taslimu, kwa siku moja, na anayekaa na hela ya gunia zima ndani ni mwenye duka, mtumishi, au mfugaji aliyetoka mnadani jana yake. Nimesimamia mauzo haya katika kata moja yenye vijiji vitano mkoani Dodoma, kipindi kile cha 2022 na 2023 ambapo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ulikuwa ukipeleka mahindi kwenye halmashauri nyingi baada ya bei ya sokoni kupanda. Awamu ya kwanza tuliuza kwa gunia, na ikawa hivyo nilivyosema. Haya ndiyo tuliyobadilisha.

Kwanza kipimo. Ukihesabu gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, mtu mmoja anahitaji kilo 12 kwa mwezi, na kaya ya watu watano kilo 60. Lakini anayeishi kwa kibarua hanunui chakula cha mwezi. Ananunua cha siku mbili tatu, kadiri alivyolipwa. Kwa hiyo tuliacha kuuza gunia la kilo 50 peke yake, tukauza pia kilo 5, kilo 10 na kilo 25. Foleni ilibadilika siku hiyohiyo: akina mama waliokuwa wakisimama pembeni kutazama walikuja na vifuko vyao.

Kufungua magunia kuna hasara yake, na usipoihesabu mapema utaambiwa umeiba. Gunia moja linatoa mipimo 10 ya kilo 5. Mpimaji akizidisha gramu 50 kila mara, na mkono mwepesi huzidisha, zimekwenda gramu 500 kwa gunia. Fungua magunia 200, umepoteza kilo 100, yaani magunia mawili. Ongeza uzito wa mfuko mtupu, gramu mia moja hivi, kama gunia lilipimwa pamoja na mfuko wake. Dawa yake ni hii: mimina kwa sadolini (kopo la rangi) mpaka mzani usome kilo 4.8, simama, halafu malizia kwa kikombe. Pia tuliomba halmashauri ikubali kwa maandishi, kabla ya kuanza kuuza, upungufu wa hadi kilo moja kwa kila gunia linalofunguliwa. Ukiomba baada ya mauzo, hilo tayari ni jibu la hoja ya mkaguzi.

Debe tulilikataa kabisa. Debe lililobonyea ubavuni linapunguza, la kujaza kichwa linazidisha, na kichwa hutegemea ni nani anayepimiwa. Tulitumia mzani wa jukwaa wa kidijitali wenye stika ya Wakala wa Vipimo. Huu nao una tabia yake: ukikaa kwenye sakafu isiyo sawa unasoma tofauti katikati na pembeni. Kila asubuhi, mbele ya wanunuzi wa kwanza, tuliweka jiwe la mzani la kilo 10 katikati, kisha kwenye kila kona. Kona moja ikitofautiana, tunahamisha mzani na kuutegea upya kwa bao bapa chini yake. Betri ikichoka, namba zinaanza kuyumba. Chaji iwe usiku, na betri ya akiba iwepo, kwa sababu wapimaji wakirudi kwenye debe kwa nusu siku tu, watu hawaamini tena mzani.

Jambo la pili, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni tarehe. Malipo ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kwa kaya maskini yalikuwa yakitoka kila baada ya miezi miwili. Mahindi yakifika wiki tatu kabla ya malipo, walengwa hawana kitu mfukoni. Yakifika siku moja au mbili baada ya malipo, wananunua. Tulimwomba mratibu wa halmashauri atupe ratiba, tukapanga kuuza siku inayofuata malipo. Kila awamu ilikuwa ya siku nne: siku mbili za kwanza kwa walio kwenye orodha ya kaya maskini pekee, siku ya tatu kwa wanakijiji wote kwa kikomo cha gunia moja kwa kaya, siku ya nne kumalizia na kufunga hesabu. Siku ya mnada hatukuuza kamwe, maana walanguzi huja na pikipiki, na mtu mwenye shida ya hela ya haraka hukubali kuwanunulia kwa jina lake.

Kwa wasiokuwa TASAF, vikundi vilisaidia. Wanawake watano wanachangia gunia moja, wanagawana kilo kumi kumi palepale kwenye mzani wetu. Akiba yao wanaikusanya kwenye sanduku la kikundi lenye kufuli tatu, kama wanavyofanya kwenye VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa. Isikae kwa mtendaji wala mwenyekiti, hata wawe waaminifu namna gani. Siku ya mauzo fedha yote inapita kwenye mashine ya malipo (POS) na risiti inatoka hapohapo.

Orodha. Sheria yetu ilikuwa kwamba kaya ni jiko. Mzee mwenye wake watatu, kila mke na nyumba yake na chungu chake, ni kaya tatu; ukimwandika mzee peke yake, mke wa mwisho ndiye anayekosa. Bibi anayelea wajukuu aandikwe kwa jina lake, asiandikwe chini ya mtoto wake aliyeko mjini. Majina yalisomwa kwa sauti kwenye mkutano wa kila kitongoji, si kijiji, kwa sababu kwenye kitongoji watu wanajuana hadi mbuzi. Kisha yakabandikwa ofisini siku tatu kwa pingamizi. Tulikuta marehemu, tukakuta mtu mmoja mwenye majina mawili, na tukakuta wajane wenye shida ambao hakuna aliyewataja kwa kuwa hawaji mikutanoni. Asiyeweza kutembea alichagua mwakilishi, jina la mwakilishi likaandikwa siku hiyo ya mkutano, si siku ya mauzo.

Usafiri sasa. Lori la tani 30 kutoka ghala la NFRA la Kizota, jijini Dodoma, linabeba magunia 600, nalo haliingii kwenye vijiji vyetu. Linashusha makao makuu ya kata. Kutoka hapo ni Fuso. Fuso ya tani 10 ikikodiwa kwa shilingi 300,000, kila kilo inabeba shilingi 30. Ikienda na tani 5, ni shilingi 60 kwa kilo, na anayelipa ni mnunuzi maskini. Ndiyo maana vijiji viwili vilivyo njia moja tulivipelekea safari moja. Makuli wasitumie kulabu, kwani tundu moja dogo linamwaga njia nzima.

Njaa ya Dodoma huuma kati ya Desemba na Machi, na hiyohiyo ndiyo miezi ya mvua. Udongo mweusi wa mbugani ukishalowa, Fuso inazama hadi ekseli, na korongo likijaa hakuna cha kuvuka. Kijiji kilicho ng'ambo ya korongo kipelekewe kabla Novemba haijaisha. Tulipochelewa mara moja, watu walivuka kwa miguu kuja kufuata chakula, na waliobaki nyumbani walikuwa wale wasio na nguvu ya kuvuka.

Ghalani mambo ni machache: magunia juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani ili panya waonekane, paa likaguliwe kabla ya mvua, kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili tofauti. Unapopokea, choma bambo (chuma cha kuchotea sampuli) kwenye magunia ya kila upande wa shehena, nusa na tazama. Kama huna kipima unyevu, weka mahindi kwenye chupa kavu ya kioo hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga na utikise, iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, na kwa kuhifadhi unatakiwa usizidi 13.5. Usilipuuze hili, mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara.

Ubao nje ya ofisi uliandikwa kila jioni: yaliyopokelewa, yaliyouzwa, yaliyobaki, kwa magunia na kwa kilo. Gari likiondoka Kizota, ujumbe unakwenda kwa wenyeviti wote wa vitongoji, na msikiti na kanisa wanatangaza. Wazo si letu peke yetu. Jimbo la Chhattisgarh nchini India, lililoondoa maduka ya mgao mikononi mwa wafanyabiashara binafsi mwaka 2004 na kuyakabidhi kwa mabaraza ya vijiji, vyama vya ushirika na vikundi vya wanawake, lilipaka malori ya nafaka rangi ya njano ili kila mtu ayatambue njiani. Gari linalosubiriwa na kijiji kizima ni vigumu kulipitisha kwa mlanguzi.

Mwisho wa awamu, fagia sakafu. Mahindi yaliyomwagika yapepetwe, yapimwe na kuandikwa kwenye leja kwenye safu yake. Yaliyo safi yanauzwa kwa kilo siku ya nne, na yenye ukungu yanafukiwa mbele ya wajumbe wawili wa kamati, yasipewe mtu wala kuku.