Piki ya Ndoo ya Bluu

Gitaa la besi sikulichagua. Niliingia kwenye ile bendi mwaka 1995 kupiga gitaa la kati, na nilikuwa nalipenda. Mwaka uliofuata mpiga besi wetu akapata mkataba wa hoteli Mombasa, akaondoka Jumatatu bila kuaga, na Ijumaa tuna onyesho. Kiongozi akatupitia mmoja mmoja kwa macho, akaishia kwangu. "Wewe vidole vyako virefu," akasema. Usaili wangu ulikuwa huo tu.

Mpiga gitaa akihamia kwenye besi anahama na mikono yake ya zamani, na mikono yangu ilizoea piki. Ndivyo tulivyokuwa tunakiita kile kipande cha plastiki cha kukwanyulia nyuzi. Za dukani zilikuwa ghali, tena zinapotea kama vifungo vya shati, kwa hiyo nilijikatia ya kwangu kwenye ndoo ya bluu iliyopasuka, nikaisugua kwenye saruji ya kibaraza mpaka ikapata ncha. Siku ya kwanza ya mazoezi nilipoitoa mfukoni, Kiongozi alisimamisha bendi nzima.

"Hicho nini?"

"Piki, Kiongozi."

"Piki ni ya solo. Besi haikwaruzwi, besi inashikwa."

Yeye mwenyewe muziki aliuanzia kwenye besi, enzi zile bendi ni mali ya mashirika na majeshi, UDA Jazz, Bima Lee, JKT Kimulimuli, mwanamuziki ana mshahara na sare. (Sisi tulikuwa chini ya mwenye vyombo mmoja wa Kariakoo, ambaye ukimwuliza mshahara na yeye anakuuliza jana mlangoni waliingia wangapi.) Akanivua gitaa, akalivaa, akanionyesha: gumba limeegemea pale kwenye sumaku inayonasa sauti ya nyuzi, kidole cha shahada na cha kati vinapokezana kama miguu ya mtu anayetembea bila haraka. Hakuangalia mkono. Besi ikajaa chumba kizima kama maji yanavyojaa kwenye pipa, huoni yanapanda lakini yamefika.

Wiki ya kwanza nilitoka malengelenge. Ya pili yakapasuka. Nikawa naloweka vidole kwenye maji ya chumvi usiku, na mke wangu ananiuliza kama nimeanza kupiga zege. Ile piki nikaitupia mfuko wa nyuma wa suruali, na humo ikakaa karibu mwaka mzima.

Mwaka 1997 mwenye vyombo akakubali kutulipia studio siku mbili. Studio yenyewe ilikuwa chumba na sebule Kinondoni, kuta zimefunikwa trei za mayai na godoro lililochanwa vipande. Kiongozi alikuwa amezoea kurekodi Radio Tanzania, kule bendi yote inapiga kwa mpigo mmoja, akikosea mpuliza tarumbeta dakika ya saba mnaanza upya wote na mpuliza tarumbeta hapewi maji. Hapa fundi mitambo, kijana wa rika langu, alikuwa na mashine ya kurekodi kila ala peke yake. Kiongozi hakuipenda. Alisema ni sawa na watu kula pilau moja kila mtu chumbani kwake.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilichemsha nyuzi za besi. Wapiga besi wote wa zama zile wanaijua hiyo. Seti mpya huna pesa ya kununua, ile ya zamani imejaa jasho na uchafu mpaka imekuwa bubu, basi unaifungua, unaitia kwenye maji yanayochemka kama dakika kumi, unaikausha, inaamka. Sufuria nilimwazima mama ntilie wa pale kona. Alipoona rangi ya maji yaliyotoka akaniambia, "Mwanangu, hilo sasa ni lako."

Nikapiga ule wimbo kwa vidole, sehemu ya polepole na chemko lake, ile sehemu ya haraka ya kuchezea, dakika nane na ushei. Mara ya tatu ikakaa. Kiongozi alikuwa amesimama nyuma ya kioo, kafumba macho, mguu unagonga chini. Kwenye zile spika kubwa za fundi besi ilikuwa tamu, naweza kusema hivyo bila haya kwa sababu sifa ni za nyuzi zilizochemshwa.

Halafu fundi akafanya kitu ambacho sikuwahi kuona. Akazima spika kubwa, akachomeka waya kwenye redio kaseti ndogo ya kawaida, ile ya kuweka juu ya kabati. Wimbo ukaanza. Waimbaji wapo, magitaa yapo, tarumbeta zipo. Mimi sipo. Kilichobaki cha kwangu kilikuwa kama mtu anahamisha makabati nyumba ya tatu.

"Mzee," fundi akamwambia Kiongozi, "watu watausikiliza huu wimbo kwenye hii, siyo kwenye zile."

"Kwa hiyo ongeza besi."

Akaongeza. Kaspika kakaanza kukoroma.

Ndipo akatueleza, na maelezo yake ninayo mpaka leo. Ule uzi mnene kuliko yote, ukiupiga wazi, unatetema mara 41 kwa sekunde. Spika ya ukubwa wa kisahani cha chai haina uwezo wa kusukuma upepo mzito namna hiyo, uiongeze usiiongeze. Lakini uzi hautoi sauti moja. Juu ya ile 41 kuna 82, kuna 123, zinapanda hivyo hivyo, na sikio la mtu likizipata hizo za juu linaijaza lenyewe ile ya chini. Sasa kidole ni nyama, kipana, laini, kinazifuta zile za juu palepale kinapougusa uzi. Kitu kigumu chenye ncha hakizifuti.

"Una piki?" akaniuliza.

Sikujibu. Nilimwangalia Kiongozi.

"Hapana," alijibu yeye. "Wimbo wangu hautakwaruzwa." Na hapohapo adhana ya Alasiri ikasikika kutoka msikiti wa mtaa wa pili. Akakunja suruali, akavaa kandambili, akatoka.

Fundi alinitazama. Mpiga dramu, aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka, akanyanyua kichwa. "Ana dakika ishirini," akasema, "na leo viatu kaacha. Akirudi miguu inalia, mtamsikia."

Nikaitoa ile piki ya bluu mfuko wa nyuma. Ilikuwa imepinda kidogo kwa kukaliwa.

Mara ya kwanza ilikuwa aibu. Kila nikigusa uzi unasikika mlio wa mbao, ta, ta, ta, halafu noti inakuja imechelewa nyuma yake, na baada ya hapo inavuma bila kukoma mpaka inaiparamia inayofuata. Vidole vinajua kuzima, kimoja kikipiga kingine kinagusa. Piki haijui. Fundi akachomoa kipande cha godoro ukutani, kama kidole gumba hivi, akakichomeka chini ya nyuzi karibu na daraja, pale zinapofungiwa. Mimi nikalaza ubavu wa kiganja juu yake, mkono wote ukatulia pale na kilichobaki kufanya kazi ni kifundo tu. Noti zikawa fupi, mviringo, kila moja ina mwanzo na mwisho wake.

Baadaye sana, intaneti ilipotufikia, nikaja kusoma habari za Carol Kaye wa Marekani. Alikuwa mpiga gitaa, na siku moja mwaka 1963 mpiga besi hakutokea studio huko Los Angeles, akapewa besi yeye, akaendelea nayo kwa piki na kitambaa kizito kilichowekwa juu ya nyuzi. Nilicheka peke yangu. Nikasoma pia habari za James Jamerson wa Motown, kampuni ya kurekodi muziki ya hukohuko Marekani, aliyepiga kwa kidole kimoja tu, cha shahada, na nyuzi zake hakuwa mtu wa kuzibadilisha. Huyo Kiongozi angemkaribisha nyumbani kula.

Mara ya pili ndiyo iliyokaa. Kwenye chemko nilikosea sehemu moja, nikapiga uzi wa jirani, fundi akanipungia mkono niendelee. Nilipomaliza tukasikia kandambili barazani. Nikarudisha piki mfukoni, gitaa likabaki mapajani.

Kiongozi akaketi mbele yangu. Akaliangalia lile gitaa muda mrefu kuliko kawaida. Nami nikaangalia anapoangalia. Kwenye ule ubao mweupe chini ya nyuzi kulikuwa na vumbi la bluu, jepesi, kama chaki. Plastiki ya ndoo ni laini, na nyuzi za besi zina mikwaruzo kama tupa, dakika nane mara mbili zilikuwa zimeila.

Hakusema kitu. Akapuliza, vumbi likaondoka.

Jioni fundi akatutolea kaseti moja, upande A vidole, upande B piki. Wazo la kwenda kuisikilizia kwenye kipanya, daladala ndogo, lilikuwa la mpiga dramu, binamu yake akiendesha Hiace ya Mwenge na Kariakoo. Tukapandia Kinondoni. Kiongozi akaenda siti ya nyuma kabisa, akajibana kati ya mama mwenye kapu na mwanafunzi, mimi nikasimama nimeinama kama wengine. Nauli alilipa yake na yangu, ingawa dereva alikuwa ndugu.

Upande A ulianza kabla hatujafika Magomeni. Injini, honi, konda anaita abiria, na juu ya hayo yote waimbaji wetu wakilalamika vizuri. Abiria mmoja akauliza ni bendi gani. Besi, hakuna. Nilijua kila noti ilipo na sikuipata hata moja, nikabaki nahesabu kichwani kama mtu anayefuatilia mazishi ya nduguye kwenye simu mbovu.

Tulipofika Jangwani tukakuta foleni. Dereva akageuza kaseti.

Konda alikuwa ananing'inia mlangoni na sarafu zake kiganjani, zile wanazozichezesha kudai nauli. Wimbo ulipofika kwenye chemko nikasikia zile sarafu zimebadilika. Zilikuwa zinaifuata besi. Siyo dramu, besi, kila nilipovuta yeye anavuta, hata pale nilipokosea akajikwaa na mimi. Lilipokwisha akapiga bati la gari kwa kiganja: "Suka, rudisha hiyo!"

Ikarudishwa. Nikageuka nyuma. Kiongozi alikuwa anamwangalia yule konda mkono wake, siyo uso.

Tulishuka Kariakoo. Akatembea hatua kadhaa ndipo akaniuliza, "Ile ya pili umeipiga saa ngapi?"

"Ulipokwenda kuswali, Kiongozi."

"Yaani mimi nasujudu, wewe unakwaruza."

"Samahani, Kiongozi."

Akanunua kahawa kwa muuza kahawa wa pale pembeni, vikombe viwili, kimoja akanipa. Akanywa chake chote kabla ya kusema. Kaseti itoke na upande B. Ukumbini ni vidole. Na siku atakayoiona ile ndoo jukwaani, nirudi kwenye gitaa la kati, tena la bendi nyingine. Nilitaka kubishana kidogo, nikaacha, kwa sababu kwa ukumbini alikuwa na haki. Pale tulikuwa na makabati mawili ya spika yenye urefu wa mtu, yanaisukuma ile 41 mpaka soda inatetemeka mezani. Nilishawahi kuijaribu piki kwenye hayo makabati mchana hatujafungua, ikasikika kama mtu anabisha hodi.

Kaseti ikatoka. Ikapigwa redioni, ikapigwa kwenye mabasi, na ile besi ya chemko watoto wa mtaani kwetu walikuwa wanaiimba kwa mdomo wakienda shule, pamoja na lile kosa. Sikumwambia mtu kwamba ni kosa.

Miezi michache baadaye tulikuwa na onyesho Temeke, ukumbi umejaa. Tulipopumzika, bwana mmoja aliyevaa suti ya rangi ya kahawia akasogea ukingoni mwa jukwaa, amechangamka kidogo lakini hajalewa. Akanishika bega kwa upole.

"Mdogo wangu, usinielewe vibaya. Unajitahidi. Lakini yule wa kwenye kaseti ni mwingine kabisa. Mtafute akufundishe."

Nikafungua mdomo. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfuko wa nyuma, na ile piki nilikuwa nimeigusa. Nikaona Kiongozi ananitazama, anajifuta jasho, akaja akasimama katikati yetu.

"Yule alikuwa mamluki, ndugu yangu," akamwambia, bila hata kutabasamu. "Tulimkodi Mombasa. Amelipwa chake, ameondoka."

Yule bwana akatikisa kichwa kwa masikitiko. Halafu akaita mhudumu, akaninunulia soda.