Mhariri Yuko Wapi?

Julai 2008 niliitwa Iringa kuwafundisha wahadhiri 13 wa uandishi wa habari namna ya kutumia intaneti na kuandika blogu. Wengi walikuwa wa pale pale mjini, wachache walitoka Mbeya, na karibu wote walinizidi umri. Julai ni mwezi wa baridi kali katika nyanda hizo. Asubuhi ya kwanza niliwakuta wamejikunyata mbele ya kompyuta, wamevaa makoti mazito, nami nikapita nikiwaamkia mmoja mmoja, kwani isingekuwa adabu kuanza kuwaelekeza bila shikamoo watu ambao baadhi yao walikuwa wakisikika redioni kabla mimi sijaanza darasa la kwanza.

Nilikuwa nimepanga kwamba saa moja ingetosha kila mmoja kujifungulia barua pepe na blogu. Mpango huo ulikuwa wa mtu aliyezoea Dar es Salaam, na hata Dar es Salaam yenyewe ilikuwa haijaunganishwa na mkongo wa baharini, ambao ulifika mwaka uliofuata. Intaneti yetu ilipita kwenye dishi la setilaiti, ikipanda takriban kilomita 36,000 na kushuka tena, na mkondo huo mwembamba tuligawana chumba kizima. Ukurasa ulifunguka kwa vipande: kichwa, kisha nusu ya picha, kisha kimya. Baada ya watu sita kufanikiwa, usajili ukagoma kabisa. Ilinichukua muda kung'amua kwamba kompyuta zetu zote, zikitazamwa kutoka nje, zilionekana kuwa na anwani moja, hivyo huduma ile ilidhani kwamba mashine moja inajifungulia akaunti chungu nzima ili isambaze barua za ulaghai. Wahadhiri saba, na shahada zao, wakawa wamekataliwa kwa kushukiwa kuwa roboti. Mchana tuliteremka mjini, tukagawanyika katika intaneti kafe mbili, na kabla ya saa kumi wote walikuwa wamesajiliwa.

Nilidhani ugumu umekwisha. Kumbe kilichowakwaza zaidi hakikuwa kipanya wala nywila. Siku ya pili, nilipowaonyesha kitufe cha kuchapisha, mhadhiri mmoja mzee, aliyeanza kazi enzi za taipureta, alivua miwani akaniuliza:

"Kijana, nikishabonyeza hapa, nani anaisoma kabla haijawafikia watu?"

"Hakuna, Mwalimu. Inakwenda moja kwa moja."

"Mhariri yuko wapi?"

Nilimjibu kwa kumtajia Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti ambaye tangu 2005 alikuwa akiendesha blogu yake na kusomwa na Watanzania waliotapakaa duniani. Jibu lilikuwa la kukwepa, naye aliliona hivyo. Hakubishana. Alirudi kwenye kompyuta yake, akafungua andiko la mfano nililokuwa nimewaandalia kuhusu Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akalisoma polepole hadi mwisho, kisha akainuka na kwenda ubaoni. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba fuvu la Mkwawa, ambaye alijipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, lilirudishwa nchini 1956. Yeye akachukua chaki na kuandika 1954, tarakimu kubwa, bila kusema neno. Kalenga, linakohifadhiwa fuvu hilo, ni mwendo mfupi kutoka mjini, na alikuwa amewapeleka huko wanafunzi wake mara nyingi.

"Uliutoa wapi mwaka huo?" akaniuliza alipokwisha kufuta mikono.

Nilikuwa nimeunakili kutoka ukurasa mmoja wa intaneti ambao nao haukusema uliutoa wapi. Nilikiri hivyo mbele ya darasa, masikio yakiwaka moto licha ya ile baridi. Somo la viungo, yaani linki za kumpeleka msomaji kwenye ukurasa mwingine, nililokuwa nimeliweka Ijumaa, kama jambo dogo la kiufundi, nikalifundisha palepale, kwa sababu sasa lilikuwa na maana waliyoijua: kiungo ni kumtaja mtoa habari, ila msomaji anaweza kumfuata mwenyewe hadi mlangoni kwake na kumhoji. Hapo wakaanza kuandika kwenye madaftari. Mzee akapendekeza kwamba asiwepo mtu wa kuchapisha kabla jirani yake hajasoma andiko na kuweka sahihi kwenye nakala ya karatasi. Binafsi niliona karatasi ni kuturudisha nyuma, lakini nilikuwa nimepoteza haki ya kubisha.

Andiko lake mwenyewe lilihusu Lugalo, mahali ambapo Wahehe waliwashinda askari wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, tarehe 17 Agosti 1891. Jirani yake alilikata aya nzima, naye akakubali. Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, akabonyeza kitufe. Tulisubiri ukurasa ufunguke. Ulipofunguka, chini ya jina lake paliandikwa tarehe ya Jumatano, saa tano na nusu usiku.

"Jana saa hizo nilikuwa nimelala," alisema.

Nikamweleza kwamba saa ya blogu, usipoibadilisha, inafuata majira ya Marekani ya magharibi, yaliyo nyuma yetu kwa saa 10 mwezi huo, na kwamba msomaji hatajali. Alinitazama kama mwanafunzi aliyeleta habari bila tarehe. Tukafungua ukurasa wa mipangilio, ambao ulishuka kipande kimoja kimoja, huku wenzake wakituita twende tukanywe chai. Hakunyanyuka kitini hadi Alhamisi iliposomeka Alhamisi, na chai yetu tuliikuta imepoa.