Amefumba au kafumbua?

Juzi binti yangu karudi toka harusini na kikuba cha asumini kifuani, nami papo hapo nikajikuta Madurai, kusini mwa India. Kule wanawake huchomeka asumini nyweleni tangu alfajiri, hata ndani ya bajaji unaisikia harufu.

Ilikuwa 2016. Mama alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, tukabakiwa na siku za kusubiri. Dereva wa bajaji akatupeleka Samanar Malai, kilima cha Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, nje kidogo ya mji. Mama, jicho moja limezibwa, akakaa chini ya mti mkubwa unaoshusha mizizi kama ndevu, karibu na bwawa la mayungiyungi. "Nenda wewe, utanisimulia."

Dereva aliniashiria nivue viatu. Nikavua, nikajuta. Ngazi zimechongwa kwenye jabali lenyewe, na saa tano ile lilikuwa kikaango.

Juu, mahali paitwapo Pechipallam, watukufu wa Kijaini wamejipanga ubavuni mwa mwamba, wamechongwa humo humo, chini yao maandishi ya vatteluttu, hati ya kale ya Kitamil, ya karne ya 9 na ya 10. Parshvanatha nilimjua kwa nyoka aliyemtandia kichwani kama mwavuli. Aliyenisimamisha ni Bahubali. Mikono ameiteremsha, mimea inayotambaa imemzonga miguu, kwani husimuliwa kuwa alisimama akitafakari mpaka ikamwota mwilini. Na pale, juu ya mmea wa jiwe, alikuwa akipanda sisimizi. Wa kweli. Anafuata msokoto, anapotea nyuma ya shavu la mguu, anatokeza. Akafika gotini, akapapasa kwa vipembe vyake, akageuka. Nikaona ajabu: hawa ndio watu ambao watawa wao hufagia njia wasije wakakanyaga mdudu. Nilimtazama mpaka nyayo zikashindwa.

Chini nikamsimulia Mama yote, nyoka, mimea, sisimizi.

"Na macho? Amefumba au kafumbua?"

Sikuwa nimeangalia. "Amefumba," nikasema.

"Na huyo wa nyoka?"

"Naye pia."

Akanitazama kwa lile jicho lake moja, akacheka peke yake njia nzima hadi mjini.

Picha niliipiga. Jana usiku nimeivuta karibu hadi ikawa madoa matupu: uso umelika, penye macho pana kivuli tu. Mama hayupo tena wa kuniuliza kivuli cha nini. Na sisimizi hayumo.