Kizuizi cha tatu kimekubali: kumbukumbu ya korongo letu la Kimara

Hatimaye maji yamepita katikati. Mvua ya juzi usiku ilikuwa masika yenyewe, ya kugonga bati mpaka mnaongea kwa ishara, na kizuizi cha tatu, kati ya vile vya mawe ninavyojenga kukatisha korongo ili maji yapunguze kasi na kuacha tope, kimesimama. Asubuhi nimekuta tope limelala nyuma yake na ukingo wa kushoto uko mzima. Ukingo huo umeninyima usingizi tangu vuli.

Cha kwanza na cha pili havikuwahi kunisumbua. Mawe, katikati chini kuliko mabega (zile ncha mbili zinazoshika kingo), sakafu ya mawe pale maji yanapodondokea, basi. Hiki cha tatu kila mvua kilizungukwa. Maji yanafika, yanatulia kidogo, kisha yanapenya kushoto na kuondoka na kipande cha ukingo. Nikarefusha bega, yakazungukia mbele zaidi. Nikapanda vetiva, yale majani yenye mizizi mirefu ya kushika udongo, ikang'oka na udongo wake. Nikapanga viroba vya mchanga, jua likavila kabla mvua hazijakolea. Nilichoka roho.

Dawa ilipatikana nilipoacha kuangalia maji yanapoingia nikafuata yanapotokea. Ukingoni, upande wa chini wa kizuizi, kulikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi, na mdomoni mwake nailoni ya buluu inapepea. Nikapiga sururu hapo. Kumbe ukingo wote ule ni kifusi: vipande vya tofali, soli za ndala, vifuu, na mifuko ya plastiki iliyolaliana tabaka kwa tabaka, ile ya kabla ya katazo la Juni 2019, mingine rangi haijapauka. Maji yakikuta mfuko hayazami, yanateleza juu yake mpaka yapate pa kutokea. Hata ukijenga bega la mawe hadi mlangoni kwa jirani, yatapita chini yake.

Basi nikachimba mfereji kuingia ndani ya ukingo mpaka nikakuta udongo mwekundu wa kilima, ule unaogomea sururu. Nikajaza udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kidogo kidogo, kila tabaka nalishindilia kwa gogo mpaka gogo linadunda, ndipo naweka jingine. Mawe yakafuata juu. Vetiva nayo nimeibananisha, sentimita 10 mpaka 15 mche hadi mche, na sasa imeshika.

Kwenye vipimo, paipu ya levo, ile angavu unayojaza maji ili kuona pande mbili zinalingana kimo, haina mpinzani. Programu ya simu ilinipa majibu tofauti kwa jiwe lile lile, nimeifuta. Kilele cha kizuizi cha chini lazima kilingane na mguu wa kile cha juu, na hapo huwezi kubahatisha. Kupima mvua natumia kopo la rangi lenye kuta zilizonyooka. Chupa ya maji yenye mikunjo inadanganya.

Na mvua yetu ni ya kupimwa kweli. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 40 tu, hizo ni lita 4,000, na mapaa ya mtaa mzima yanamwaga kwenye korongo hili. Kutoka hapa maji yanaingia Mto Ubungo, kisha Msimbazi. Mchanga unaochunwa huku vilimani ndio unaojaza mto kule Jangwani, mto ukikosa kina unapanda Barabara ya Morogoro. Tope nalo halisafiri peke yake. Metali za gereji, mafuta, vijidudu vya vyooni, vingi hushikamana na zile chembe laini, vikaenda hadi kwenye mikoko ya Salender. Ndiyo maana nang'ang'ania kizuizi kimoja namna hii.

Kidimbwi cha kuchujia nilichopanga kuchimba chini ya cha tatu nimekiweka kando, kwa sababu kuna kitu kimenikaa kichwani: chupa za kujijaza zenyewe. Unafunga chupa kwenye nguzo kwa vimo tofauti, kila kizibo kina mirija miwili, mmoja wa kuingiza maji, mwingine wa kutoa hewa. Mkondo ukipanda, chupa zinajaa moja baada ya nyingine hata kama umelala. Nataka kujua tope la maji ya mwanzo linazidi la maji ya baadaye kwa kiasi gani. Bomba angavu la kupimia uchafu wa maji, lenye alama ya msalaba kwenye kitako, ninalo tayari: unamimina mpaka msalaba upotee, unasoma kimo. Kwa vizibo vya chupa, mirija ya dripu ni myembamba mno, mchanga unaiziba. Kesho najaribu ile ya pampu ya tangi la samaki.