Mninga wa pili

Jana nilikuwa napiga randa ule mlango wa mninga, wa yule mama anayetaka ufufuliwe usitupwe, na nilipofika ubao wa katikati ile vanishi nyeusi ya miaka yote ikabanduka, ikatoka harufu. Mnaofanya kazi na mbao mnaijua. Mninga hata ukae miaka 40 ukiugusa na randa unanukia kama umekatwa juzi, utamu fulani halafu ukavu puani, na maranda yake yanatoka ya kahawia yamejikunja vizuri. Binti yangu alikuwa amekaa humohumo kwenye maranda anachezea simu ya mama yake, akauliza bila hata kuinua kichwa, baba, eti mninga ukikatwa unatoa damu?

Nikalaza randa kwa ubavu, kama mjomba alivyonifundisha, maana ukiisimamisha unaua makali.

Nikamwambia ni kweli. Ni utomvu, lakini mwekundu mzito, unashuka taratibu kwenye ganda na ukikauka unakuwa mweusi kama damu ya kidonda. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo.

Oktoba 1991, Sikonge, mkoani Tabora. Nina miaka 13, niko likizo kwa mjomba, yuleyule, na mjomba amepokea kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, kitanda na kabati la milango mitatu la harusi, na nusu ya hela ameshalipwa. Tukaingia porini na wapasuaji wawili, msumeno mrefu umefungwa kwenye baiskeli, ndorobo wanatuuma mpaka mgongoni juu ya shati. Sijui kama mmewahi kuwa kwenye miombo mwezi wa 10. Joto linaua, mvua hakuna, nyasi zimeungua majivu matupu, halafu miti inaamua yenyewe kuchipua, majani mapya mekundu, mengine rangi ya shaba, yaani msitu mzima unavaa kabla mvua haijafika. Mininga nayo iko uchi haina jani, ina yale matunda yake tu ya mviringo yenye miba katikati na ukingo mwembamba kama chapati, na mingine imeanza maua ya njano. Mjomba alikuwa anapenda kukata wakati huo, anasema mti una kiu, mbao hazichelewi kukauka.

Kibali kilikuwa cha miti miwili na yote ilishagongwa alama kwa nyundo ya watu wa misitu. Wa kwanza tukauangusha siku ya kwanza bila shida. Wa pili mjomba aliubisha kwa kisogo cha shoka, akasikiliza, ukaitika vizuri, umejaa. Akaanza kukata upande wa kuangukia. Mapigo kama 20 hivi, labda 30, na ile damu ikaanza kushuka, mimi nikaigusa nikajipaka kidoleni. Halafu wakapumzika kunywa maji.

Hapo ndipo nikamwona.

Alikuja akiruka kwa mawimbi, anapiga mabawa, anateleza, anapiga tena. Hondohondo yule mdogo wa kijivu, dume, domo jeusi lina baka jeupe ubavuni, na kwenye ncha ya domo kambana panzi mkubwa wa kijani ambaye miguu bado inacheza. Nikadhani atakwenda kutua kwenye tawi. Hakwenda. Alikuja kujibandika kwenye shina lenyewe, lile lile tulilokuwa tunalikata, juu kama mita sita, mahali tawi la zamani lilipovunjika, akakaza mkia kwenye ganda kama mtu anayejiegemeza kwa fimbo. Palikuwa na kovu pale, sisi wote tulishaliona, tukadhani ni udongo wa mchwa. Kumbe ni ukuta. Tundu limekandikwa lote, limebaki ufa mmoja wa wima, mwembamba kama mdomo wa kibubu. Dume akasogeza panzi kwenye ule ufa akatulia. Ikatoka ncha ya domo lingine, nyekundu nyekundu, taratibu, bila papara, ikamshika yule panzi, ikaingia naye ndani. Nikasikia sauti ndogo ya kukwaruza, kama mtu anayeongea akiwa na chakula mdomoni. Dume hakuondoka. Aliinamisha kichwa akachungulia kwenye ufa kwa jicho moja, muda mrefu, halafu akatuangalia sisi, halafu akachungulia tena.

Sikuwa najua kitu kama hicho kipo duniani. Kwamba jike anaingia mwenyewe kwenye tundu la mti, anajijengea ukuta kwa udongo na mavi yake mwenyewe mpaka hawezi kutoka, na kuanzia siku hiyo kula yake, na ya vifaranga wakitotolewa, yote inategemea mmoja aliye nje. Wiki sita, saba, yumo tu gizani.

Mjomba alikuwa amesimama na kopo la maji mkononi. Hakuwa mtu wa maneno. Akasema, "Kuna mzazi humo."

Mpasuaji mmoja akasema fundi, mti umeshakatwa robo. Mjomba akajibu nimeona. Akachukua udongo wa kichuguu akaulowesha kwa maji yetu ya kunywa, akaanza kuupaka kwenye lile jeraha, anausukuma kwa gumba kama anayeziba ufa wa mbao kwa gundi, na ile damu ikawa inapenya inachora mistari kwenye udongo. Alijua haisaidii chochote, mti haurudishiwi nyama. Lakini alipaka mpaka mwisho. Nikamsaidia. Huyo dume aliendelea kwenda na kurudi juu ya vichwa vyetu muda wote ule, nilimhesabia safari nne.

Yaliyofuata niyafupishe. Mbao hazikutosha, kabati halikukamilika, mwenye harusi akaja juu na alikuwa na haki yake, mjomba akauza baiskeli akamrudishia hela. Mimi nikarudi shule. Mvua zikaanza Novemba, mwaka ule na upepo.

Februari nikatoroka shule siku mbili nikaenda. Mninga ulikuwa chini. Umekatikia palepale tulipoanzia. Ukuta wa udongo umepasuka, na ndani ya tundu kulikuwa na maganda ya wadudu, mbegu, na manyoya. Manyoya mengi, marefu ya mabawa na ya mkia. Nikakaa chini nikalia, mjomba akaniacha nilie.

Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba jike akishajifungia ananyonyoka, anaangusha manyoya yote ya mabawa na mkia humo ndani na kuota mapya kabla hajatoka. Kwa hiyo yale manyoya yangekuwemo tu, awe ametoka mzima au asitoke. Hayakuwa ushahidi wa chochote. Mifupa sikuiona, lakini kule mti ukianguka siku moja asubuhi mifupa hailali, kuna nguchiro, kuna siafu. Kama ulianguka baada ya mwaka mpya walikuwa wameshaondoka. Mzee mmoja mwenye mizinga karibu na pale alituambia ulianguka kabla ya Krismasi. Mwanae akabisha, akasema baada.

Mjomba alikikata kile kipande chenye tundu, akakisafisha, akakifunga kwa waya juu ya mti mkubwa wa jirani, ule unaoitwa mtundu, kwa urefu uleule, ufa umeangalia upande uleule. Mwaka uliofuata wakaingia nyuki. Akawaacha.

Mimi na mbao sijaachana, ndiyo kazi yangu na naipenda kuliko kitu chochote ninachoweza kufanya kwa mikono hii. Lakini kila nikipokea ubao wa mninga huwaga nautafuta mwaka, natafuta palipokuwa na tawi, napapasa. Mafundi wenzangu wanadhani naangalia ufa.

Binti alisikiliza yote, simu imezimika mkononi. Akauliza, "Kwa hiyo walitoka?"

Nikamwambia walitoka. Akafurahi, akarudi kwenye simu yake. Mimi nikainua randa nikaendelea na mlango, na mpaka leo asubuhi hii bado nafikiria nirudi kwake nikamwambie tofauti, au niliache hivyohivyo.