Mashua ya 1974 na swali la mjomba wa Buruburu

Barua ya bima iliingia kwenye simu nikiwa Buruburu kwa likizo ya Desemba, chai ya tangawizi mkononi. Kule Plymouth ninakoishi nina mashua ya tanga, Westerly Centaur ya futi 26, iliyoundwa 1974. Nyumbani nilikuwa sijaitaja sana. Mtu wa Nairobi akisikia una mashua Uingereza anajua umeomoka, kumbe niliinunua kwa pauni 4,500, bei ya Probox iliyochoka. Na bahari nimeijua ukubwani. Utotoni maji yangu yalikuwa Bwawa la Nairobi. Wazee walisema zamani watu walipandisha matanga pale, sisi tukakuta magugumaji na harufu.

Kampuni ilisema mashua imezeeka. Nikitaka kubaki na bima kamili, lazima itolewe majini, mkaguzi aigonge-gonge na kuipima unyevu, kisha niwaletee ripoti. Au nishuke hadi bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita thadi pati. Mkaguzi, kreni na siku za kulaza chombo nchi kavu: karibu pauni 700.

Mjomba alivaa miwani. Miaka ya tisini alikuwa na matatu ya 58, na bima anaijua kwa machungu. "Hii si ni ile Nissan yangu tu," akasema. Nikamweleza tofauti: Kenya sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na thadi pati, lakini Uingereza hakuna sheria inayomlazimisha mwenye mashua ndogo ya baharini. Anayelazimisha ni marina, yaani maegesho ya mashua. Huna cheti, hufungi kamba.

Mimi nilikuwa nimekwama kwenye thamani. Kuna bima inayolipa kiasi mlichokubaliana tangu mwanzo, na kuna ile inayolipa bei ya sokoni siku ya ajali, na bei ya sokoni ya chombo cha umri huu inaweza kukutoa machozi. Mjomba aliniacha nimalize, kisha akauliza, "Ikizama hapo hapo mlipoifunga, nani anaitoa?"

Nissan yake ilipobingirika, gari lenyewe halikumuumiza mfuko kama lori la kulivuta na yadi iliyolihesabia kila siku. Mashua ni hivyo hivyo, ila mbaya zaidi. Ikilala chini ya maji haina thamani hata ya shilingi, lakini inahitaji mzamiaji, kreni, na mtu wa kuzuia dizeli isisambae. Mamlaka ya bandari ina uwezo wa kisheria kuyatoa mabaki na kukudai wewe. Tukarudi kwenye kurasa za bima nilizokuwa nikizilinganisha, kutafuta neno moja tu, mabaki. Kwenye bima ya bei ndogo kabisa niliyokuwa nimeipenda halikuwepo. Kwenye ya pili lilikuwepo, pamoja na dhima ya pauni milioni 3 kwa watu wengine.

Mjomba alicheka alipofika kwenye yasiyolipwa. Sheria ya bima ya bahari ya Uingereza ya 1906, ambayo ya Kenya imejengwa juu yake, inataja hadi hasara iliyosababishwa na panya. Kando ya panya kuna uchakavu, na huo ndio ulionikata maini. Udhaifu unaojulikana wa Centaur ni pale mikuku yake miwili, yale mapezi mazito ya chini, inapoungana na mwili. Valvu zangu za shaba, zile zinazofunga matundu ya chini maji yasiingie, nazo ni kuukuu. Kinachooza polepole hakihesabiwi kuwa ajali. Kwa hiyo hata hiyo bima kamili ingeniacha peke yangu mahali ninapoogopa zaidi. Zile 700 nikaamua zikanunue valvu.

Fomu ya bima ya pili iliuliza waya za mlingoti zilibadilishwa lini. Nikaandika 2015.

"Una risiti?" mjomba akauliza.

Sina. Aliyeniuzia alisema tu "si zamani sana".

"Basi futa. Siku mlingoti ukiangukia mashua ya jirani, hiyo ndiyo karatasi watakayoitoa kwanza."

Nikaandika sijui. Jumatatu wakajibu: wamenikubali, kwa sharti kwamba fundi azikague waya kabla sijapandisha tanga. Tiketi yangu ya kurudi ni ya tarehe 6, na fundi nimeshamwandikia.