Kinga ya chini ya Impreza iliyolala: kumbukumbu ya mradi wangu

Kupima kwanza

Impreza hii, gari dogo la Subaru, niliinunua ikiwa imeshashushwa. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliiwekea springi fupi, na ukiikuta imesimama kwenye lami unakubali kwamba imependeza. Tatizo ni kwamba safari zangu nyingi zinaishia juu ya mlima, na lami inaniaga mapema. Huko mbele ni kokoto, makorongo ya mvua na mawe yaliyochomoza katikati ya njia kama meno.

Nilichukua futi nikapima kutoka ardhini hadi mahali pa chini kabisa pa gari, ndani hakuna mtu: milimita 118. Kisha nikapakia watu wanne na mizigo yao nikapima tena: milimita 91. Hiyo ya pili ndiyo nimeiandika ukutani. Ile ya gari tupu ni ya kujifurahisha tu.

Rangi nyeupe

Kabla ya kukata bati lolote nilitaka kujua mawe yananigonga wapi hasa. Niliondoa ile plastiki ya chini iliyokuja na gari (ilikuwa imeshapasuka, inaning'inia kwa kibanio kimoja), nikasugua matope, nikapulizia rangi nyeupe ya bei rahisi kwenye sampo (beseni la oili lililo chini ya injini), kwenye fremu inayobeba injini na kwenye kingo za chini za milango. Ekzosi sikuigusa, rangi ingeungua tu. Nikapanda mlima polepole. Juu nikaingia chini ya gari, nikapiga picha, nikapaka upya, ndipo nikashuka.

Picha zilinishangaza. Siku zote nilidhani ninaumia wakati wa kupanda, kumbe mikwaruzo ya kushuka ilikuwa kama mara mbili. Ukiwaza unaona ni haki yake: ukishuka unakanyaga breki, uzito unakimbilia mbele, pua inainama, na jiwe ambalo ungelipita salama linakukuta umeinama. Tangu siku hiyo nafunga breki kabla ya jiwe, kisha naziachia pale gurudumu linapolifikia, pua ipate kuinuka. Hili halikunigharimu kitu, na huenda limeokoa chuma kingi kuliko bamba la kinga nililokuja kulifunga chini ya injini.

Sampo

Katikati ya rangi nyeupe kulikuwa na shimo la zamani la kubonyea kwenye sampo, la ukubwa wa kijiko, kina chake milimita 7. Halikuvuja, kwa hiyo nilikuwa nimelizoea. Jirani yangu fundi alilipapasa kwa kidole akaniuliza, "Bwana, hii ndani umeiangalia?"

Sikuwa nimeiangalia. Ndani ya sampo kuna bomba la kufyonzea oili lenye chujio mdomoni, na mdomo huo umekaa karibu sana na sakafu, ili uendelee kuipata oili hata ikipungua. Sampo ya bati ikibonyea, sakafu inausogelea mdomo. Oili inaanza kupita kwa shida, na injini inaweza kufa bila tone moja kudondoka chini. Sampo ya alumini ya kumimina ina tabia nyingine: haibonyei, inapasuka, na angalau hapo unaiona oili barabarani.

Kuivua ilinibidi nilegeze mikono ya injini (vishikizo vinavyoifunga kwenye gari) na kuiinua injini kidogo. Nafasi iliyobaki kati ya shimo na chujio ilikuwa ndogo kiasi kwamba ncha ya bisibisi nyembamba ilipita kwa kulazimisha. Niliinyoosha sampo juu ya mfuko wa mchanga kwa nyundo ya mbao, nikaipaka gundi mpya ya kuzuia kuvuja, nikairudisha. Jumamosi nzima ikaisha hivyo.

Bamba la kwanza, yaani jembe

Hapa nitasema ukweli ingawa unanitia aibu. Nilikata chuma cha milimita 3, sentimita 80 kwa 60, bapa kabisa kama sinia, nikakifunga chini ya fremu kwa bolti nne za M10 (unene wa milimita 10) zenye vichwa vya kawaida vinavyotokeza. Kilo 11 na kidogo. Nikajiona nimemaliza.

Safari ya kwanza, kwenye kona yenye mwamba, ukingo wa mbele wa bamba ulikutana na jiwe lililokuwa juu yake kwa kama sentimita moja. Badala ya kulipanda, ulilichimba. Gari lilisimama ghafla, mikanda ikatubana, na sote tukanyamaza kwa muda. Nilipoteremka nikaona ukingo umepinda kwenda chini, na kila nikijaribu kusonga mbele unazidi kujizamisha. Tulitoka kwa jeki na mawe ya kupanga chini ya matairi.

Nyumbani nikakuta jambo la pili. Vichwa vya bolti vilikuwa vimesagwa na mwamba hadi vikawa mviringo, spana haishiki. Kubadilisha oili nikalazimika kuvikata kwa grenda, nimelala chali, cheche zinanirukia kifuani. (Gari lilikuwa juu ya stendi nne. Jeki peke yake usiiamini hata kwa dakika moja ukiwa chini ya gari.)

Kumbe nilikuwa nimelielewa bamba vibaya. Nililiona kama ngao ya kupokea pigo, wakati kazi yake ni kulifanya gari liteleze juu ya jiwe kama mtumbwi unavyoteleza juu ya mchanga.

Bamba la pili

Safari hii nilichukua alumini ya milimita 4, aina ya 5052. Watu wengi hukimbilia 6061 kwa sababu ni ngumu zaidi, lakini ikiwa imeshakazwa hupasuka ukiikunja kona kali. 5052 inakunjika bila kulalamika. Kwa ukubwa uleule wa sentimita 80 kwa 60, alumini hii ina uzito wa kilo 5 na gramu 200 hivi, chini ya nusu ya kile chuma changu. Ni kweli alumini hupinda kirahisi kuliko chuma cha unene uleule, takriban mara tatu. Ila unene una nguvu ya ajabu: ukilifanya bati kuwa nene maradufu, ukaidi wake wa kupinda unaongezeka mara 8. Ndiyo maana milimita 4 za alumini haziko mbali sana na milimita 3 za chuma, na zile kingo za pembeni nilizokunja kwenda juu milimita 30 zimelikaza zaidi ya ambavyo unene ungelikaza.

Sehemu ya mbele imekunjwa kwenda juu kiasi cha digrii 35 na kupanda hadi nyuma ya bampa. Hakuna tena mahali pa jiwe kushika. Ukingo wa nyuma nao nimeuinua kidogo, kwa ajili ya siku ninaporudi kinyumenyume. Bolti sasa ni za kichwa bapa, zimezamishwa ndani ya vikombe vilivyotobolewa kwenye bamba, hivi kwamba ukipitisha kiganja huzisikii. Alumini na chuma vikikaa pamoja kwenye maji na chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, kwa hiyo kati yake na fremu kuna washa za nailoni na rangi. Tundu la kumwagia oili nimelikata pana, spana ya 17 iingie na mkono wangu pia.

Halafu kuna suala la nafasi kati ya bamba na sampo, ambalo lilininyima usingizi kuliko yote. Sampo yangu iko milimita 15 juu ya usawa wa fremu. Bamba linabonyea likigongwa, na injini nayo inacheza kwenye mikono yake. Likigusa sampo, pigo linapita moja kwa moja, na ni afadhali usingekuwa nalo. Kiasi gani kinatosha? Nilibandika vibonge vitano vya plastisini, ile ya watoto kuchezea, chini ya sampo, kila kimoja kikifika hadi kwenye bamba. Nikaenda mlimani, nikarudi, nikafungua. Kibonge cha katikati kilikuwa kimebanwa hadi milimita 3, na juu yake alama ya kidole changu ilikuwa imefutika kabisa. Milimita 3 si nafasi, ni bahati. Nikaweka vipande vya kuinulia vya milimita 10 kati ya fremu na bamba, nafasi ikawa 25.

Na hapo hesabu ikanicheka. Vile vipande milimita 10, bamba lenyewe 4: kinga ilikuwa imelishusha gari milimita 14 zaidi. Kutoka 91 nikabaki na 77.

Springi na matairi

Kwa hiyo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzoni kabisa. Nilizitoa springi fupi nikarudisha za kawaida. Gari likiwa limepakiwa, liliinuka milimita 32. Rafiki zangu wa magari yaliyolala wameniita msaliti, sawa tu.

Matairi nikapanda hadi 205/60R16. Ukuta wa tairi la zamani ulikuwa milimita 113 hivi, wa hili ni 123, kwa hiyo gari limeinuka 10. Kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 3 na nukta, na spidomita sasa inanidanganya: ikisema 80 mimi niko karibu 83. Nilizungusha usukani hadi mwisho pande zote, gari limepakiwa, kuhakikisha tairi halisugui. Alaimenti ikafuata, maana ukibadilisha kimo magurudumu hayabaki yalivyokuwa. Jumla sasa, na watu wanne ndani: milimita 119. Nimepata kwa gari lililojaa kile nilichokuwa nacho likiwa tupu, na bamba juu yake.

Joto na majani

Kwenye injini hii mabomba ya ekzosi yanapita chini ya vichwa vya silinda, kwa hiyo bamba liko jirani na moto. Likiwa halina matundu, baada ya kupanda mlima mzima nilipima sampo kwa kipimajoto cha mkononi nikapata nyuzi 109. Bila bamba ilikuwa 98. Nikakata mipasuko sita na kuikunja midomo yake ielekee nyuma, hewa ivutwe kutoka juu bila kuchota matope. Sasa ni 101, na nimeridhika.

Matundu hayajamaliza jambo moja. Nyasi kavu zinaingia juu ya bamba na kukaa pale, karibu na bomba linalochoma. Kila nikitoka porini navuta majani kwa waya uliopinda, na mara moja nilitoa yaliyokuwa yameshabadilika kuwa rangi ya kahawia iliyoungua. Usilichukulie kama usafi tu.

Nyuma

Tangi la mafuta nimelifunika kwa karatasi nene ya polietilini, milimita 8, plastiki ileile ya vibao vya kukatia nyama. Inateleza sana juu ya mwamba na haipigi kelele. Haipatani na joto, kwa hiyo inaishia kiganja kizima kabla ya ekzosi. Mabomba ya breki nimeyapitishia kijimfereji cha alumini. Wengine huyavalisha mpira uliopasuliwa. Sikupenda, unahifadhi maji na kutu inafanya kazi yake gizani.

Safari ya jana

Watu wanne, mlima uleule, kona ileile yenye mwamba. Tulisikia mkwaruzo mrefu, kama mtu anaburuta sufuria, na gari likaendelea kutembea. Chini nimekuta mistari minyoofu kutoka mbele hadi nyuma, mmoja una kina cha kama nusu milimita. Kibonge cha katikati kimebaki milimita 14.

Kilichogongwa ni kiungio cha ekzosi nyuma ya bamba: nati mbili zinatazama mbele na zimeanza kusagwa. Jumamosi nitazigeuza bolti ili nati zikae upande wa nyuma, na mbele yake nitachomelea kipande kidogo cha chuma kilicholala mshazari. Plastisini imekwisha, inabidi nimrudishie mtoto yake.